Mji wa Japani Ulioishiwa na Watoto

Mpaka nilipoota ndevu mbili za kuhesabika, niliamini kabisa kwamba kulikuwa na mji mdogo huko Japani, kando ya bahari, ulioishiwa na watoto, na kwamba ulikuwa unaagiza wengine kutoka Nyeri. Si Nairobi, si Mombasa: Nyeri. Wavulana wawili kila mwezi, wenye meno yote na wanaojua kukama ng'ombe. Ukifika unapewa nyumba ya vyumba sita, shamba, mzee wa kumwita baba, na baiskeli. Habari ya baiskeli iliongezwa na Kariuki, niliyekaa naye dawati moja, na nilipomwuliza amejuaje, akanitazama kwa huruma. "Ati nimejuaje? Kwani wewe ushaona Mjapani akitembea kwa miguu?" Nilikuwa nimeona Mjapani mmoja tu maishani, na huyo alitembea kwa miguu kila siku ya Mungu, lakini sikuona jambo hilo likipunguza uzito wa jibu la Kariuki.

Juzi nilipita mtaa wa Skuta, pale mama mmoja anapoanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya gunia kando ya barabara, na ile harufu ikanishika kola kama askari wa kanjo anayekamata wachuuzi. Nikasimama. Nyinyi wa rika langu, mliolelewa mlimani miaka ile bendera ilipokuwa bado inanukia dukani, mnajua tulivyomhesabu samaki: tulimweka fungu moja na nyoka, ila nyoka alimshinda kwa kuwa angalau anajua kutembea. Mtu akionekana kijijini kwetu Gatitu na samaki mkononi, mbwa walibweka na wanawake waliita watoto ndani. Kwa hiyo harufu ile haikunikumbusha chakula cha nyumbani. Ilinikumbusha ramani iliyochorwa kwa chaki, na kiti cha sekondari nilichokipoteza.

Mjapani mwenyewe alikuwa Mwalimu Morita. Aliletwa kufundisha hesabu katika sekondari moja upande wa Ruring'u, na mwalimu mkuu wetu, mtu ambaye angeweza kumwomba fahali maziwa akapewa, alimsihi mpaka akakubali kuja shule yetu ya msingi kila Jumanne na Ijumaa mchana kutuandaa darasa la saba kwa mtihani. Siku ya kwanza aliinama kutusalimia, nasi tukadhani ameangusha kitu, darasa zima tukainama kumsaidia kukitafuta. Alikuwa mwembamba, ana miwani mizito, na mfukoni alibeba kamusi ndogo ya Kiswahili aliyoitoa kila baada ya maneno matatu kama mtu anayetoa leso. Ukimwambia neno lolote aliitikia "ndiyo, ndiyo" kabla hujamaliza. Ukimwambia mvua itanyesha, ndiyo. Ukimwambia haitanyesha, ndiyo. Miaka mingi baadaye, nikiwa shule ya jioni, niliambiwa kwamba kwao "ndiyo" ya namna ile maana yake ni "ninakusikia", si "nimekubali". Wangetundika habari hiyo langoni mwa shule yetu wakati ule, ningekuwa mtu mwingine.

Alikaa Majengo, karibu na msikiti, katika chumba cha nyuma cha Bi Zaituni. Huyu Bi Zaituni alikuwa mjane aliyepika mahamri ya kuuza, baba yake alikuwa mtu wa pwani na mama yake alitoka sijui wapi, na Kiswahili chake kilikuwa safi mpaka sisi tulipomwamkia tulijikwaa. Alimfulia Mwalimu Morita, akampikia, na akamfundisha kukaa mkekani, jambo ambalo, akasema mwenyewe, alikuta mgeni analijua kuliko yeye.

Basi hesabu zikiisha mapema, au tukichoka mpaka tuanze kuanguka kutoka madawatini kama ndizi zilizoiva, Mwalimu Morita alifuta ubao na kutuchorea kwao. Mji uliitwa Kazeura. Nimesahau mito ya wilaya yangu mwenyewe, lakini Kazeura mpaka leo naweza kukupeleka nikiwa nimefumba macho. Ghuba ina umbo la ukwato wa ng'ombe. Nyuma yake milima inasimama wima, imejaa miti kama misitu yetu, na kati ya mlima na maji pamebaki ukanda mwembamba wa ardhi, mwembamba hivi kwamba, kwa maelezo niliyopeleka nyumbani, mtu akinyoosha miguu kitandani lazima alowe vidole. Reli inaingia kwa kutoboa mlima mara saba. Mara ya saba ukitoka gizani, bahari inakupiga usoni yote kwa pamoja.

Alitupa na historia. Zamani za kale watu wa Kazeura walichemsha maji ya bahari kupata chumvi, wakaibeba kwa ng'ombe kuvuka milima hadi kwa watu wasiokuwa nayo, wakarudi na mchele. Hilo tulilielewa, nyanya zetu nao walivuka kwenda kwa Wamaasai na vikapu vya nafaka. Kisha bahari iliinuka siku moja, ikala nusu ya mji pamoja na waliokuwemo, na waliobaki wakasimamisha jiwe mlimani lililoandikwa kwamba mtu asijenge chini ya hapo. Wajukuu wao wakashuka wakajenga chini ya hapo, kwa sababu mashua ziko chini. Kisha vita vikaja, kiwanda cha samaki wa mikebe kikawa kinapakia chakula cha askari, na baba zake wadogo wawili wakaenda na hawakurudi.

Uchumi ndio alioufundisha kwa uchungu, ingawa uchungu wenyewe sikuuona. Dagaa. Mji mzima uliishi kwa dagaa: waliowavua, waliowachemsha, waliowaanika, waliotengeneza nyavu, waliofunga mikebe. King'ora cha kiwanda kililia asubuhi na wanawake wakatoka kila kichochoro wakifunga vitambaa vichwani. Halafu dagaa walihama bila kuaga. Mwaka mmoja walikuwepo, mwaka uliofuata mashua zilirudi na maji. Kiwanda kikaanza kufunga siku mbili kwa wiki, kisha nne. Na kila mwaka shule zilipofungwa, treni ilikuja kuchukua watoto wa miaka kumi na mitano waliomaliza masomo, ikawapeleka viwanda vya miji mikubwa, mama zao wakikimbia pembeni ya madirisha mpaka jukwaa linapokwisha. Darasani kwake walikuwa arobaini. Waliobaki Kazeura walikuwa watatu.

"Nyumba ziko," akasema Ijumaa moja. "Watu hawako."

Darasa zima tukainuka nusu kwenye madawati. Ni lazima mkumbuke tulikuwa watoto wa nani. Tulikuwa watoto wa Nyeri, ambako ndugu wa tumbo moja walipelekana kortini kwa sababu ya upana wa mgomba mmoja. Nyumba tupu kwetu haikuwa habari ya huzuni. Ilikuwa muujiza. Nikainua mkono.

"Mwalimu, hizo nyumba ziko na mashamba?"

"Ndiyo, ndiyo. Mashamba madogo. Majani yameota."

"Na hakuna mtu ameshtaki?"

Akatoa kamusi. Akarudisha kamusi. "Kushtaki nani?"

"Ndugu yake."

"Hapana ndugu. Baba yangu yuko peke yake ndani ya nyumba. Vyumba sita. Anazungumza na redio." Akacheka kidogo, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Tulipotoka nje kwa mapumziko, Kariuki alikuwa ameshamaliza kazi. Mjapani hakuja kufundisha hesabu, akasema, hesabu ni kisingizio. Amekuja kuchagua. Mbona anatupima akili kila wiki? Mbona anaandika majina kwenye daftari? "Na wewe umeuliza habari ya shamba," akanipiga bega, "kwa hivyo jina lako limewekwa mbele." Jioni ile nilikimbia kutoka shuleni mpaka Gatitu bila kugusa ardhi, labda mara mbili tu, pale darajani.

Nyumbani kwetu neno shamba halikutamkwa ovyo. Baba alikuwa kizuizini kwa wakoloni wakati mashamba yalipopimwa na kuunganishwa, na alipotoka alikuta sehemu ya babu imeandikwa jina la mtu mwingine, aliyekuwa amebaki nje na kujua mahali pa kusimama siku ya kupima. Uhuru ulipokuja baba alishangilia mpaka sauti ikakauka, akangoja. Akangoja tena. Tulikaa katika nyumba ya mbao pembeni ya shamba la binamu yake, tukijua mbao ni zetu na chini ya mbao si petu. Kila asubuhi baba alitoka nje, akautazama mlima kama mtu anayemtazama shahidi aliyekataa kusema, kisha akaenda kulima kwa watu.

Nilipomweleza habari za Kazeura hakucheka. Aliniuliza yote upya. Mzee ana vyumba vingapi? Ana watoto wangapi? Huyu mwalimu akiwa huku, nani atamzika baba yake? Akasugua mikono juu ya magoti. Mama, aliyekuwa anamenya viazi, akasema bila kuinua macho, "Baba Wambui, huyo mtoto anakuletea stori ya shule."

"Stori gani? Mtu mwenyewe amesema kwa mdomo wake. Nyumba iko, mtu hayuko."

"Na sisi tunaingia wapi?"

"Tunaingia kwa mlango," akasema baba. "Kama watu."

Mlango aliokuwa anaufikiria nyinyi mnaujua, ingawa siku hizi wengi hawaufungui. Katika desturi yetu mgeni anaweza kuzaliwa upya katika ukoo kwa mbuzi. Anachinjwa mbuzi, wazee wawili watatu wanaketi, na mgeni anavishwa mkononi kipande cha ngozi mbichi ya yule mbuzi. Tangu hapo ni mtoto wa nyumba ile. Wakigawa, anagawiwa. Akifa bila mrithi, nyumba iliyomzaa ndiyo inayomrithi. Baba alilipanga jambo hilo kama wakili. "Akizaliwa kwetu, shamba letu ni lake na lake ni letu. Letu halipo. Basi limebaki lake." Sijawahi kusikia hesabu iliyonyooka zaidi ya hiyo, hata kwa Mwalimu Morita mwenyewe.

Tatizo lilikuwa mbuzi. Tulikuwa naye mmoja, na huyo mama alikuwa amemlea kwa jambo moja tu: nikipita mtihani, auzwe ninunuliwe sanduku, blanketi na nguo za fomu wani. Alimwita kwa jina la sanduku. "Umelisha Sanduku?" ndivyo alivyoniuliza kila jioni.

Sanduku alichinjwa Jumamosi moja adhuhuri, kabla hata ya mtihani. Mama hakupika. Baba alichoma mwenyewe, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Mwalimu Morita alikuja na viatu vilivyopigwa rangi, akaniletea mimi mfuko wa dagaa wakavu waliotumwa kutoka kwao, akamwinamia kila mzee mara mbili na binamu wa baba mara tatu, kwa kuwa alisimama karibu na lango, Mwalimu akadhani ndiye mwenyeji. Alikula kila alichopewa, hata sikio. Baba alipomshika mkono na kumvisha ile ngozi, ikiwa na unyevu na manyoya bado, alipauka kidogo, lakini alitabasamu.

"Sasa wewe ni mtoto wa hapa," baba akamwambia kwa Kiswahili chake cha kupanda mlima. "Umezaliwa kwetu. Kwetu ni kwako."

"Ndiyo, ndiyo. Asante sana."

"Na kwako ni kwetu."

"Ndiyo, ndiyo."

"Huyu kijana yangu," akanisukuma mbele, "ataenda kukaa kwa ile nyumba. Na mzee."

Mwalimu Morita akaniangalia, akaangalia ile ngozi, macho yakajaa machozi kabisa, ya kumwagika. "Ndiyo," akasema mara moja tu. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Baba alinigeukia na uso ambao sikuwahi kumwona nao kabla ya hapo, wala baada yake. Alionekana mtu mwenye mahali.

Basi nikaanza maandalizi. Kila Jumatano nilipitia Majengo kwa Bi Zaituni na kumwomba kipande cha samaki, ili nizoee. Mara ya kwanza nilimshika kwa vidole viwili, nikamtafuna nimefumba macho, nikamtapika nyuma ya kibanda cha kuku. Mara ya tano nilimmeza. Kufikia mwisho wa muhula nilikuwa ninakula vichwa. Bi Zaituni alinitazama akitikisa kichwa. "Maskini mtoto, njaa haina adabu." Alidhani nina njaa. Na ilikuwa kweli pia, kwa hiyo sikuona sababu ya kumsahihisha, tena baba alikuwa ametuonya tusiseme nje, kwa kuwa watu wenye kijicho wangeweza kuliharibu jambo. Kariuki pekee ndiye aliyejua, maana yake Gatitu nzima ilijua, lakini Gatitu haikuwa na habari na Majengo.

Mtihani niliupita. Nasema hivi kwa unyenyekevu, walitaka kusimamisha magari barabarani: nilipita vizuri kuliko mtu yeyote wa shule yetu tangu ijengwe. Barua ikaja kuniita fomu wani, shule nzuri, ya serikali, na siku ya kuripoti ikiwa imeandikwa kwa taipu. Mama aliishika kwa ncha za vidole kama mkate wa moto. Baba aliisoma mpaka mwisho, akaikunja.

"Hii watampa mwingine. Huyu anaenda kwake."

"Baba Wambui, tafadhali. Aende shule akingoja. Akiitwa, atoke."

"Mtu anaitwa kwa nyumba yake, unamfungia bweni? Mwalimu akija apate hayuko?"

Mwalimu Morita alikuwa ameshaondoka wakati huo. Miaka yake miwili ilikwisha mwezi wa kumi na mbili, akaja kuaga mbio mbio, ngozi ile imekauka mkononi mwake kama gome. Aliniambia, "Nitaandika." Basi. Baba alilifasiri hilo neno kwa mapana. Ameenda kutengeneza karatasi. Karatasi za mbali huchukua muda. Siku ya kuripoti shuleni nilikaa juu ya jiwe nje ya nyumba, nimevaa kaptura safi, nikawatazama wenzangu wakipita na masanduku ya bati vichwani, na niwaambie ukweli, niliwahurumia. Niliwaza: hawa wanaenda kula maharagwe miaka minne, na mimi nina bahari. Kariuki, ambaye alipata shule moja ya harambee huko mbali, alinipungia mkono. "Kwaheri Mjapani! Ukifika utume baiskeli!"

Wiki ya tatu mama alitoroka. Alimwambia baba anaenda kuchuma kahawa, akaenda kwa miguu mpaka ile shule, akasimama dirishani kwa karani. Karani hakuwa mtu mbaya. Alifungua kitabu, akapitisha kidole, akasema, "Mama, kiti chake kimekaliwa." Mama alirudi jioni, akaketi jikoni na kanga yake ya kichwani bado imefungwa kama alivyotoka nayo. Hakumwambia baba. Mimi aliniambia baada ya miaka, na aliniambia akitazama pembeni.

Barua ya Mwalimu Morita ilifika mvua za masika zilipoanza. Ndani kulikuwa na picha moja na mistari michache ya Kiswahili cha kamusi. Baba amekufa. Nyumba imefungwa. Mimi niko mji mkubwa, nafanya kazi. Salamu kwa wote wa nyumbani. Picha ilionyesha nyumba ya mbao, kubwa, imepigiliwa mbao juu ya madirisha, na majani yamefika ukumbini. Mimi nilisoma kwa sauti, nikaurudia ule mstari wa nyumba kufungwa. Lakini baba aliichukua picha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Unaona? Wamefunga vizuri. Wametuwekea."

Aliipachika ukutani kwa misumari minne. Mvua ikaisha, nikapelekwa kubeba mawe kwa machimbo, mara moja moja tu, ati nisikae bure nikingoja. Nilibeba mawe miaka kumi na moja. Kwa hesabu yangu nimejenga nusu ya Nyeri, na ile nusu nyingine nimeikarabati. Jina la Mjapani lilinishika kabisa. Kuna watu walionialika harusini mwao kwa jina hilo kwenye kadi. Baba alizeeka polepole chini ya ile picha. Wageni wakija aliwaonyesha. "Ile ni ya kijana," alisema, "mambo ya karatasi tu." Mwaka baada ya mwaka. Aliacha kusema karatasi, akabaki anaonyesha kwa kidole tu. Mama alipokufa hakuwa ameishika barua nyingine yoyote ya kuniita popote. Baba alimfuata, na tulimzika kwenye sehemu aliyotukubalia binamu yake baada ya mazungumzo ya siku mbili, futi ngapi kwa ngapi.

Mimi nilirudi darasani nikiwa na mvi na watoto watatu, shule ya jioni, nikikaa dawati dogo magoti yakigonga kidevu. Cheti nilikipata. Nilikibusu hadharani, mke wangu akaona haya. Mwalimu mmoja pale alitutaka tuandike insha juu ya mji wowote tunaoujua vizuri, nikaandika kurasa tisa juu ya Kazeura: ghuba, chumvi, jiwe, dagaa, treni. Alinipa alama nyingi na kuniuliza nilikaa huko miaka mingapi.

Ndipo nilipoamua kumtafuta Bi Zaituni. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu enzi zile. Mwanzoni kwa sababu ya kungoja, baadaye kwa aibu ya kungoja. Nilimkuta mlangoni pake pale pale Majengo, mzee sana, macho yameingia ukungu, lakini nilipotaja samaki wake alinijua mara moja.

"Mtoto wa samaki!"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Wajukuu, mleteeni chai."

Nikamsimulia. Nilikuwa nimeshaisimulia hadithi hii mara elfu moja mia nne, harusini, matangani, kilabuni, na nilijua kila mahali watu wanapocheka. Nikampa Kariuki na baiskeli. Nikampa Sanduku, na sikio la mbuzi, na wazee wakiguna. Nikampa machozi ya mwalimu, nikaigiza na miwani. Nikampa baba na misumari minne. Wajukuu wake walikuwa wanagaragara mkekani kwa kicheko. Bi Zaituni hakucheka. Aliniacha nimalize, akawainulia wajukuu mkono wakome.

"Hiyo shule ya serikali," akauliza, "hukwenda kabisa?"

"Sikwenda, Bibi."

"Na mlingoja mpaka baba yako anakufa."

"Ndiyo, Bibi."

Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaushika.

"Yule kijana, mwalimu wako, alikuwa akipata barua ya baba yake kila mwezi kumwomba arudi, na kila mwezi alikuwa akikaa pale ulipokaa wewe, analia, halafu hajibu. Ule mji haukuwa ukitafuta watoto wa watu, mwanangu. Ulikuwa na watoto wake. Mmoja alikuwa anaishi hapa kwangu, na hakutaka kurudi."